Maneno 36 ya Azimio la Arusha: kuhakiki balagha, ushahidi na fani kwa pamoja

"Mwandishi ametumia takriri ili kusisitiza ujumbe." Sentensi hii kuhusu takriri, yaani urudiaji wa neno, imejaa kwenye majibu ya uhakiki, na kasoro yake ni kwamba inafaa kila mahali. Ibandike kwenye utenzi, kwenye hotuba ya bajeti, kwenye tangazo la sabuni, itakaa. Kwa hiyo haijamwambia msomaji lolote kuhusu andiko lililo mbele yake. Anayeishia hapo amejifunza kuyapa mambo majina tu. Uhakiki unaanza unapouliza: maneno haya yanamfanya msikilizaji akubali nini, na je, amepewa sababu ya kukikubali?

Maswali hayo mawili tumezoea kuyatenganisha. Fani, yaani ufundi wa lugha, inafundishwa kwenye fasihi, ushahidi unafundishwa kwenye historia au uraia. Katika andiko lenye nguvu vitu hivi vinafanya kazi pamoja, na ukivitenganisha huoni kinachotendeka. Mfano mzuri ninaoujua kwa Kiswahili ni Azimio la Arusha. Halmashauri Kuu ya TANU, chama kilichotawala Tanzania Bara wakati huo, ililipitisha Arusha mwishoni mwa Januari 1967, likatangazwa tarehe 5 Februari. Ni andiko la siasa lenye sehemu tano, kuanzia imani ya TANU hadi masharti ya viongozi. Mwandishi wake mkuu, Julius Nyerere, alikuwa mwalimu aliyekwisha kutafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, iliyochapishwa kwa Kiswahili mwaka 1963. Mtu aliyehangaika kuitia ile hotuba ya Antony mbele ya maiti ya Caesar katika Kiswahili anajua vizuri urudiaji wa neno unavyoweza kugeuza umati.

Kifungu chenyewe kiko kwenye sehemu ya kujitegemea:

"Tumeonewa kiasi cha kutosha, tumenyonywa kiasi cha kutosha na tumepuuzwa kiasi cha kutosha. Unyonge wetu ndio uliotufanya tuonewe, tunyonywe na kupuuzwa. Sasa tunataka mapinduzi. Mapinduzi ya kuondoa unyonge, ili tusionewe tena, tusinyonywe tena, na tusipuuzwe tena."

Kwa uchambuzi wa karibu chukua kifungu kifupi kama hiki, kisichozidi maneno 60, na ukitengee saa nzima. Mwanafunzi anayejaribu kuchambua kurasa kumi kwa namna hii ataishia kufanya muhtasari. Kwanza kisome kwa sauti mara mbili bila kalamu. Kisha kinakili kwa mkono, kila kirai kwenye mstari wake. Kunakili kunachosha, lakini mkono unaona marudio ambayo jicho linayaruka.

Ukishanakili, hesabu. Maneno ni 36. Vitenzi vitatu, kuonewa, kunyonywa na kupuuzwa, vinarudi mara tatu kila kimoja: maneno 9, robo kamili ya kifungu. "Kiasi cha kutosha" imekuja mara tatu: maneno mengine 9. Nusu ya kifungu kizima imejengwa kwa vitu vinne tu. Sasa hesabu mizani, yaani silabi, kama unavyofanya kwenye shairi. Virai vitatu vya mwanzo vina mizani 12, 11 na 13. Virai vitatu vya mwisho, kuanzia "tusionewe tena", vina 7, 6 na 8. Umbo ni lilelile: cha kati kinapungua moja, cha mwisho kinazidi moja, ila mwishoni kila kirai kimefupishwa kwa mizani tano. Malalamiko yanatembea kwa hatua ndefu, azma inatembea kwa hatua fupi. Sikio la Mswahili lililolelewa na mashairi linaihisi tofauti hiyo hata kama mwenye sikio hajawahi kuhesabu mizani maishani mwake.

Angalia na nyakati. Sentensi ya kwanza ina "-me-", jambo lililokwisha kutendeka na athari yake bado ipo. Ya pili inarudi nyuma kutafuta chanzo, "uliotufanya". Ya tatu inaanza na "sasa", na ya nne inaishia kwenye dhamira tegemezi ya kukanusha, "tusi-". Jeraha, chanzo, dawa. Mpangilio huo ndio unaofanya kifungu kionekane kama hoja iliyokamilika, kwa hiyo ndipo pa kukishika na kukiuliza.

Njia rahisi ya kupima neno ni kulibadilisha uone kinachopotea. Ondoa "kiasi cha kutosha", weka "sana". Tumeonewa sana, tumenyonywa sana, tumepuuzwa sana. Maana ya juujuu imebaki, lakini kitu kikubwa kimeondoka. "Kiasi cha kutosha" ni maneno ya kipimo. Tunayatumia kwa unga, kwa maji, kwa chumvi kwenye mboga. Hapa yanapima uonevu, kana kwamba ulikuwa na kibaba chake na kibaba kimejaa. "Sana" ingekuwa kilio. "Kiasi cha kutosha" inafunga hesabu, na ndiyo inayoitayarisha "sasa" ya sentensi ya tatu. Hii ndiyo kazi ya takriri yenyewe katika andiko hili, na huwezi kuihamishia kwenye tangazo la sabuni.

Jaribu tena kwenye "ndio". Linganisha "Unyonge wetu ulitufanya tuonewe" na "Unyonge wetu ndio uliotufanya tuonewe". Ya kwanza inataja sababu moja na kuacha mlango wazi kwa nyingine. Ya pili inafunga mlango: ni huo, si mwingine. Neno moja dogo limegeuza maelezo kuwa dai zito sana la kihistoria. Na hapo ndipo unapogundua jambo la pili: vitenzi vyote tisa viko katika kauli ya kutendwa na hakuna hata kimoja chenye mtenda. Tumeonewa na nani? Tumenyonywa na nani? Kifungu hakisemi. Kiti cha mtenda kimeachwa wazi, kisha sentensi ya pili inakuja kumkalisha "unyonge wetu" palepale.

Ushahidi wa dai hilo uko wapi? Ndani ya kifungu haupo. Badala yake kuna sauti. "Unyonge" na "tunyonywe" ni maneno ya mizizi tofauti, lakini yanagongana kwa sauti, nyong- na nyony-, ndani ya sentensi moja. Sikio linayaona ndugu, na msikilizaji anakubali kwamba moja limezaa lingine kabla akili haijauliza. Mantiki yenyewe ina hatari ya kuzunguka. Mnyonge ni nani? Ni yule anayeweza kuonewa. Kwa nini alionewa? Kwa sababu ni mnyonge. Ili dai lisimame lingehitaji kueleza unyonge huo ni upi: silaha, elimu, umoja, mtaji? Kila jibu lingeleta ushahidi wake na mabishano yake.

Kusema hivyo si kusema kifungu ni kibaya. Mimi nakiona ni miongoni mwa nathari bora za kisiasa katika Kiswahili. Uamuzi wa kuweka chanzo ndani yetu una faida ya wazi kwa mwandishi: kama chanzo ni chetu, dawa nayo iko mikononi mwetu, na sera ya kujitegemea inafuata kama mchana ufuatavyo usiku. Laiti chanzo kingekuwa nguvu ya mkoloni peke yake, msikilizaji angeweza kukaa na kumsubiri mkoloni abadilike. Mhakiki anatakiwa aone vyote viwili, nguvu ya chaguo hilo na kile ambacho halikuthibitisha.

Neno "mapinduzi" nalo lisipitwe. Mwaka 1967 lilikuwa bado na joto: mapinduzi ya Zanzibar yalitokea Januari 1964, na mwezi huohuo askari wa Tanganyika waliasi. Kulitamka hadharani ni kuamsha kumbukumbu hizo, kisha mwandishi analirudia papo hapo na kulifunga kamba: "mapinduzi ya kuondoa unyonge". Si ya bunduki. Analichukua joto la neno, mwelekeo anaubadilisha.

Hapa niseme jambo moja kwa wanaosoma Azimio kwa Kiingereza, na wako wengi vyuoni. Katika tafsiri ile, "kiasi cha kutosha" imekuwa neno la wingi tu, na kitenzi cha tatu hakirudi mwishoni. Mahali pa kupuuzwa pamewekwa kudhalilishwa. Utatu umevunjika na kibaba kimemwagika. Ukichambua fani kupitia tafsiri, unachambua fani ya mtafsiri.

Tutoke kwenye kifungu twende kwenye hoja iliyokizunguka, maana hapo ushahidi unaanza kudaiwa kwa nguvu zaidi. Sehemu hii ya Azimio imejengwa juu ya sitiari ya vita: tunapigana na umaskini, na mnyonge hapigani kwa silaha asiyokuwa nayo, yaani fedha. Ndani ya sitiari hiyo hitimisho haliepukiki. Lakini sitiari ni chaguo, na jaribio la kubadilisha linafaa hapa pia. Tufanye maendeleo ni kilimo badala ya vita. Fedha sasa inakuwa mbegu. Mwenye mbegu chache hazitupi akasema si silaha yake. Anatafuta wa kumkopesha, au anachagua shamba dogo apande vizuri. Ukweli wa nchi haujabadilika hata kidogo, ila hitimisho limebadilika. Ukiona hitimisho linabadilika kwa kubadilisha sitiari peke yake, jua kwamba sitiari hiyo ilikuwa inabeba mzigo wa hoja.

Kisha anakuja ng'ombe. Azimio linasema (kwa maneno yangu) kwamba kuitaka Serikali itumie fedha zaidi bila kuongeza kodi ni sawa na kutaka maziwa zaidi huku ukikataza ng'ombe asikamuliwe tena. Linaendelea: ng'ombe mwenyewe angependa awe na maziwa zaidi, ndama wake wanywe, lakini kuyajua matumizi yote ya maziwa hakuongezi maziwa. Huu ni mfano mtamu sana kwa hadhira ya wakulima na wafugaji. Umeanza kama tashbihi, ukakua hadi ng'ombe akapata matamanio na watoto. Sasa ukague kama ushahidi. Katika hoja hiyo ya kodi, ng'ombe amekaa mahali ambapo ungetegemea kukuta takwimu: mapato ya kodi ni kiasi gani, nani analipa, kiwango kimefika wapi. Pia ng'ombe ni mmoja, kumbe walipakodi ni wa aina nyingi: mkulima wa jembe la mkono, karani wa mshahara, mwagizaji wa bidhaa, kampuni yenye mashamba ya mkonge. Mmoja anaweza kuwa amekauka na mwingine amejaa. Waandishi walilijua hilo, kwani sehemu ya pili ya Azimio lenyewe inataka njia kuu za uchumi ziwe mikononi mwa umma, na tarehe 6 Februari, siku moja tu baada ya kutangazwa, benki zilitaifishwa.

Kwa ushahidi wa aina hii ninapendekeza jedwali la safu nne kwenye karatasi iliyolazwa upande: dai, kinacholitegemeza, aina yake (takwimu, mfano, mlinganisho, methali, mamlaka, uzoefu wa pamoja), na swali lililobaki. Andika dai kwa sentensi kamili, si kwa neno moja. "Kodi" si dai. "Wananchi hawawezi kulipa kodi zaidi ya sasa" ni dai, na linaweza kupimwa.

Mahali ambapo jedwali hilo linalipa kabisa ni kwenye hoja ya saa za kazi. Azimio linasema mfanyakazi wa mshahara mjini anafanya kazi kama saa 45 kwa wiki, kwa wiki 48 au 50 za mwaka. Linasema wanawake wa vijijini wakati mwingine hufanya kazi saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu. Na linasema wanaume wa vijijini wako likizo nusu ya maisha yao.

Madai matatu yamepangwa bega kwa bega, na uzito wake hautoshani. La kwanza linakagulika: lina kipimo na lina kipindi. Piga hesabu, 45 mara 48 ni saa 2,160, 45 mara 50 ni 2,250. La pili lina namba, lakini limefungwa na "wakati mwingine". Ukizidisha 14 kwa siku 7 upate saa 98 kwa wiki, umelifanya andiko liseme ambacho halikusema. Kosa hili nalikuta mara kwa mara hata kwa wasomaji wazuri. La tatu halina namba wala kipimo. Likizo maana yake nini kwa mtu asiye na mwajiri? Nusu ya mwaka inaanzia mvua au mavuno? Kuchunga, kujenga nyumba, kukaa barazani kusuluhisha kesi vimehesabiwa wapi? Hiyo ni chuku, yaani kutia chumvi, na imewekwa mwishoni mwa mstari wenye namba mbili ili iazime heshima ya namba hizo. Chuku ikisimama peke yake msikilizaji anaitambua na kucheka. Ikitanguliwa na saa 45, anaiandika daftarini.

Angalia pia wanawake wanatumika kufanya kazi gani katika aya hiyo. Wanatajwa kuwa ndio wanaofanya kazi kuliko mtu yeyote Tanzania, sifa ambayo kwa mwaka 1967 ni ya kipekee katika andiko la chama. Lakini aya inawatumia kama kioo cha kuwaaibisha wanaume. Ukisonga mbele ukiuliza mzigo wa saa 14 utapunguzwaje, hoja imeshageukia nguvu za wanaume zinazopotea. Kila usomapo uliza mtu aliyetajwa kama mfano anarudi tena kama mhusika, au aliitwa mara moja akaondolewa.

Fuata pia nafsi. Katika kile kifungu cha maneno 36, "tu-" ni taifa zima: kiongozi na mkulima wameonewa pamoja. Kwenye hoja ya saa za kazi mwanakijiji amekuwa "wao". Chukua kalamu mbili za rangi, moja kwa "sisi" na moja kwa "wao", pitia kurasa tano. Mipaka ya kundi la mwandishi itajichora yenyewe.

Hoja ya ardhi ni fupi. Azimio linasema nchi, wakati huo, ina watu zaidi ya milioni 10 na eneo la zaidi ya maili za mraba 362,000. Gawanya, unapata kama watu 28 kwa maili moja ya mraba. Hesabu ni sahihi, ila wastani hauoti mahindi. Dodoma inapata kiasi cha milimita 500 hadi 600 za mvua kwa mwaka, katika msimu mmoja, na miteremko ya Kilimanjaro ilikuwa imebanana tangu zamani. Takwimu ya kweli inaweza kutegemeza dai isilolifikia.

Methali inahitaji uangalifu wake, kwa kuwa sisi tunaipokea kama hakimu. Katika kijitabu chake cha mwaka 1962 kuhusu ujamaa, Nyerere alitumia "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" kuonyesha kwamba katika jamii ya zamani kila mtu alifanya kazi. Methali ni ushahidi mzuri wa kile watu walichokithamini. Kwa kile walichokitenda ni ushahidi dhaifu, na wakati mwingine unageuka: kama kila mgeni angeshika jembe mwenyewe, nani angehitaji kutunga methali ya kumkumbusha? Na methali zina wapinzani wake. Anayekuambia haraka haraka haina baraka mjibu kwamba chelewa chelewa utakuta mwana si wako, kisha mrudi wote wawili kwenye jambo lenyewe.

Makosa mawili yanaharibu uhakiki wa andiko kama hili kuliko mengine. La kwanza ni kulihukumu kwa yaliyokuja baadaye. Kuhamishwa kwa watu kwenda vijiji vya ujamaa katika miaka ya 1970 ni historia nzito na inastahili uhakiki wake, lakini haiwezi kuwa ushahidi kwamba sentensi ya 1967 ilikuwa na hoja mbovu. Ubovu au uzima wa hoja utauona kwenye hoja. La pili ni mapenzi au chuki kwa mwandishi. Anayempenda Mwalimu anaacha kuuliza, asiyempenda anaacha kusikiliza, na wote wawili wanaikosa ile "ndio".

Unapoandika aya yako, ianze na maneno yenyewe ya andiko, sema yamepangwaje, yanamfanya msikilizaji akubali nini, kisha yameacha nini bila kuthibitishwa. Yote manne yaingie katika sentensi tatu au nne. Kwa mfano:

"Vitenzi tisa vya kutendwa katika kifungu hiki havina mtenda, na nafasi hiyo inajazwa na 'Unyonge wetu ndio uliotufanya', ambapo 'ndio' inaondoa sababu nyingine zote. Msikilizaji anaongozwa kuona kwamba chanzo, na kwa hiyo dawa, viko ndani ya uwezo wake. Mgongano wa sauti kati ya 'unyonge' na 'tunyonywe' unaufanya uhusiano huo uonekane wa asili, ingawa kifungu hakielezi unyonge huo ulikuwa wa nini."

Jaribu kuibandika aya hiyo kwenye tangazo la sabuni.